Jina la mjomba kwenye daftari

Juzi nimefunga kauntabuku la tatu la kikundi chetu cha wakulima na kufungua la nne. Ni yale ya kwaya tatu, jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu. Hili la tatu limevimba kama andazi kwa sababu liliwahi kunyeshewa na masika nikiwa nimelikumbatia chini ya kanga. Kabla ya kuliweka sandukuni nililipitia lote, karatasi kwa karatasi, mpaka taa ya sola ikaanza kufifia. Kuna ukurasa mmoja niliukunja kwa ndani zamani ili nisikutane nao ghafla ninapotafuta mengine. Juzi nimeukunjua.

Mimi ni karani wa shamba. Jembe nashika kama wote, lakini kikundi kilipoanza mwaka 2017 kalamu niliachiwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi ya kuandika mahesabu dukani Dar es Salaam na mkono wangu unasomeka. Nilikuwa nimerudi nyumbani mwaka mmoja nyuma kumuuguza mama. Mama alipofariki, mjomba, kaka yake, alinichukua asubuhi moja akanipandisha hadi kwenye mfenesi mkubwa, akaninyooshea fimbo: kuanzia hapa mpaka kwenye lile jiwe palikuwa pa mama yako, sasa ni pako. Sisi Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama. Mtoto wa kike hasubiri kuolewa ndipo apate pa kulima. Anapata kwa mama yake, na mwenye kauli juu ya ardhi hiyo ni mjomba. Wasomaji wa makabila mengine naomba mlishike hilo. Bila hilo hamtaelewa kwa nini ukurasa ule niliukunja.

Shamba letu la pamoja ni ekari moja na nusu kwenye mteremko wa Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, upande wa vijiji kama Towelo na Ruvuma. Wanachama tuko 19, wanawake 13. Kila mmoja ana kishamba chake, na Jumatatu na Alhamisi sote tunakutana kwenye lile la pamoja. Jumanne na Ijumaa alfajiri tunashusha mboga mjini: karoti, njegere, figili, chainizi, mnavu, vitunguu majani, na stroberi zikiwa zimeiva. Tunashuka na matenga kichwani mpaka pale njia inapoanza kupitika kwa pikipiki, hapo kijana wetu wa bodaboda anapokea. Nyingine anazipeleka Soko la Chifu Kingalu, nyingine kwenye milango ya watu walioagiza kwa simu. Kijana huyu ana miaka 23. Karoti anazipanga kwenye majani mabichi ya mgomba, tabaka kwa tabaka, vichwa upande mmoja na mikia upande mwingine, na sijawahi kusikia mteja akilalamika kwamba imemfikia iliyovunjika.

Tukitembelewa, wageni wanapiga picha hizo karoti. Wanauliza tunatumia dawa gani, tunapanda kwa nafasi gani, wanaandika, wanaaga. Mimi naomba leo niandike juu ya watu.

Ardhi ya pamoja ilitoka kwa Bibi, na Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa.

Kila mtu hapa anamwita hivyo hivyo, Bibi. Amezaliwa mwishoni mwa vita vya Hitler. Siku ya kwanza bwana shamba alipokuja kutueleza habari za kilimo hai, kile cha bila sumu wala mbolea za viwandani, alizungumza vizuri sana juu ya mboji na sote tukawa tunaitikia kwa vichwa, mpaka alipotamka neno matuta. Bibi akainuka, akafunga kanga yake upya, akaondoka bila kuaga. Wengine walidhani amechoka kukaa. Mimi nilimfuata hadi kwake nikamkuta amekaa kizingitini anatetemeka.

Mwaka 1950 serikali ya mkoloni ilileta mpango wake wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Milima ilikuwa inamomonyoka kweli, hilo hakuna anayelibishia. Lakini dawa yao ilikuwa amri: kila mwenye shamba achimbe matuta ya ngazi kwa kipimo alichopangiwa, na asiyechimba anashitakiwa. Baba yake Bibi alichimba. Sasa udongo wa kwetu una ngozi nyembamba. Ule mweusi wenye rutuba ni kiganja kimoja, penye bahati viwili, na chini yake ni mwekundu mgumu ambao hata magugu yanausita. Ukichimba ngazi bila kufikiri, mweusi unaufukia na mwekundu unaulaza juu. Ndivyo ilivyofanyika. "Mahindi yalitoka ya njano," Bibi aliniambia, "yakafika hapa," akagusa goti lake, "yakagoma." Mwaka 1955 watu nao wakagoma. Matombo kukatokea ghasia, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Bibi wakati huo alikuwa na miaka kama kumi. Anachokumbuka zaidi ni baba yake anaingia jioni na viganja vimechubuka, amechoka kwa kazi ya kuliharibu shamba lake mwenyewe.

Yule bwana shamba alikuwa kijana, amesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo hapo chini, na namshukuru Mungu kwamba hakuwa mbishi. Nilipomweleza, alikwenda kwa Bibi, akaamkia, akakaa kwenye kigoda, akasikiliza hadithi yote mpaka mwisho. Hakujitetea. Alipomaliza kusikiliza aliomba kitu kimoja tu: hatua kumi za shamba, mahali popote atakapopenda Bibi, na ruhusa ya kukata fito tatu.

Fito mbili alizifunga zikutane juu, miguu ikatanuka chini kama herufi A. Ya tatu aliikatisha katikati. Kutoka kileleni akaning'iniza kamba, mwisho wa kamba jiwe la ukubwa wa yai. Ukiisimamisha fremu hiyo mahali ambapo miguu yote miwili iko sawa, kamba inapita kwenye alama iliyochongwa katikati ya ule ufito wa kukatisha. Mguu mmoja ukiwa juu zaidi, kamba inahama. Unaacha mguu mmoja ardhini, unauzungusha mwingine taratibu mpaka jiwe litulie kwenye alama, unapigilia kigingi, unasogea. Ukimaliza ukiangalia nyuma unaona vigingi vimekizunguka kilima kama mkanda kiunoni. Bibi alisimama pembeni muda mrefu. Kisha akaichukua fremu mikononi mwake, akaizungusha mara tatu, kila mara anasubiri jiwe litulie.

Halafu wakaanza kuchimba, na hapo ndipo moyo wake ulipogeuka. Udongo mweusi ulikwanguliwa kwanza wote ukawekwa upande wa juu. Ngazi ikachimbwa kwenye ule mwekundu. Kisha mweusi ukarudishwa juu yake, ukachanganywa na mboji, na ukingoni yakapandwa majani ya guatemala ili yashike. Bibi aliinama akachukua udongo kidogo, akausugua kwa kidole gumba.

"Wale hawakutuambia turudishe," alisema.

Msimu uliofuata, kwa kauli yake na ya wazee wa ukoo, tulipata ekari moja na nusu. Fremu ile ya kwanza bado ipo. Inakaa nyuma ya mlango wa Bibi na hakuna anayeichukua bila kumwamkia kwanza. Mimi niliishi Dar miaka 12 nikinywa maji ya Mto Ruvu, na Ruvu inaanzia kwenye milima hii, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza kama kuna mtu huku juu anayeuzuia udongo usiingie kwenye glasi yangu. Sasa nawajua kwa sura.

Mama wa mboji ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, msemaji kidogo. Malundo yote ya mboji ya kikundi yako chini yake. Kupanga lundo sote tunajua: mabua makavu chini, alizeti pori mbichi, samadi ya mbuzi, majivu, udongo kidogo, maji, unarudia mpaka lifike kifuani. Kulijua lundo linataka nini, hapo tunamwita yeye. Ana kijiti cha mpera, kirefu kama mkono na nusu, kimekuwa cheusi kwa miaka ya kazi. Anakichomeka katikati ya lundo anakiacha. Akikichomoa, kwanza anakishika kwa kiganja, halafu anakisogeza puani. Kikiwa cha moto na kina unyevu, lundo liachwe lifanye kazi. Kikiwa cha moto lakini kikavu, kina utando mweupe, lundo lina kiu. Kikiwa cha baridi linataka kugeuzwa. Kikinuka kama yai viza, maji yamezidi na hewa haipiti. Nimejaribu kuandika hayo yote kwenye daftari la pili ili yasipotee, na nimeyaandika sawasawa, lakini nikishika kijiti mimi na akishika yeye bado majibu yanatofautiana, na mara zote yeye ndiye anayekuwa sahihi.

Mwenyekiti wetu alikuwa mpulizaji kwa miaka 11. Alikuwa na bomba lake la mgongoni, watu wanamkodi kupulizia nyanya na kabichi, analipwa kwa idadi ya mabomba aliyomaliza. Glavu hana, kitambaa cha pua hana, sumu anakoroga kwa kijiti, kijiti kikikosekana kwa mkono. Wapulizaji waliamini kwamba maziwa yanakata sumu, basi siku ya kazi anakunywa nusu lita asubuhi anaona ameshajikinga. Siku moja alianguka katikati ya mstari wa nyanya, bomba likiwa bado mgongoni linavuja shingoni. Alipozinduka alikuwa anaona kila mtu wawili wawili. Hakurudi tena kwenye kazi ile. Macho yake yamepona kiasi, usiku bado yanamsumbua. Pua yake ndiyo iliyobaki na kumbukumbu yote. Anaweza kupita njiani, upepo ukavuma kutoka bondeni, akasimama akakwambia fulani amepuliza leo.

Sasa nifike kwenye kukaguana, maana ndiko kwenye ukurasa wangu.

Mkaguzi wa kampuni za uthibitishaji ana gharama ambayo kikundi cha watu 19 wa mlimani hakiiwezi. Kwa wakulima wadogo kuna njia nyingine, uhakiki shirikishi. Sisi wenyewe tunakaguana, shamba kwa shamba, watatu watatu, kwa fomu na kwa macho: mbegu imetoka wapi, samadi imetoka kwa nani, jirani anapuliza nini, stoo kuna chupa gani. Kwa njia hiyo kikundi kinaweza kuandikishwa TOAM, chama cha kilimo hai cha Tanzania, na kutumia alama ya Kilimohai, inayotokana na kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007. Watu wa mjini wakisikia kwamba tunakaguana wenyewe kwa wenyewe, huuliza: si mtafichiana? Nyie ni ndugu. Ni swali la haki kabisa. Kwetu sisi karibu wote ni ndugu.

Septemba 2020 nyanya zilikuwa na bei nzuri, na kantangaze, mdudu wa nyanya, alikuwa amechachamaa. Wakulima wa nyanya mnamjua, tangu alipoingia nchini mwaka 2014 hajatupa nafasi. Kiwavi mwenyewe ni mdogo, kama punje ya mchele. Anaingia ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula nyama yake na kuacha michirizi myeupe, ukiinua jani juani unaliona kama ramani. Akishiba majani anahamia kwenye tunda.

Mjomba alikuwa na miche 600. Naapa alifanya yote tuliyofundishana. Majani yenye michirizi aliyachuma kwa mkono akayafukia. Alitundika ndoo za mitego zenye kidonge cha harufu ya jike. Alitwanga utupa, akachemsha mwarobaini, akapulizia jioni jua likizama. Lakini bondeni kulikuwa na shamba lililovunwa na mabaki ya nyanya kuachwa yamesimama, na wadudu walikuwa wanapanda kutoka huko kila usiku. Na mjomba alikuwa amekopa kwenye kikundi shilingi 400,000, kwa ajili ya binti yake wa mwisho aliyekuwa anaanza chuo. Mimi ndiye niliyeuandika mkopo huo. Nilijua tarehe ya kurejesha kuliko yeye.

Ijumaa moja alfajiri matenga saba ya nyanya za mjomba yalikuwa yameshafika pale tunapokusanyia, yamefunikwa majani ya mgomba. Mwenyekiti aliinama kwenye tenga la kwanza, akafunua jani, akabaki ameinama. Hakusema kitu. Akafunua la pili. Kisha akamtuma kijana wa bodaboda aniite, na ujumbe ulikuwa mfupi: karani aje na daftari.

Mimi sikusikia harufu yoyote. Harufu ya nyanya tu. Mwenyekiti akachukua moja akaigeuza, akanionyesha penye kikonyo, pale ambapo tone la maji likidondoka linakwama. Palikuwa na ukoko mweupe, mduara, mwembamba kama chumvi iliyokaukia. Akachukua nyingine. Ule ule. Tukapanda pamoja hadi shambani kwa mjomba bila kuzungumza, na kwenye mfereji wa maji, chini ya mgomba, Mwenyekiti akaokota kifuniko chekundu cha chupa.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa."

Nikaishiwa maneno hapo hapo. Mjomba hakunitazama mimi, alitazama mkono wa Mwenyekiti uliokuwa umeshika kifuniko. "Jumanne usiku," akasema. "Mara moja tu."

Tulikutana jioni hiyo chini ya mfenesi, ule ule alioninyooshea fimbo. Kuna waliosema nyanya zimwagwe, mambo yaishie hapa, mteja hana habari. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo. Walikuwa wanamwonea huruma mzee na aibu yake, na mimi moyoni nilikuwa upande wao. Aliyegeuza kikao ni mama wa mboji, ambaye huwa hasemi. Alisema mjukuu wake anakula nyanya za kikundi bila kuosha, anazipangusa kwenye shati anauma, kwa sababu yeye mwenyewe, bibi yake, ndiye aliyemwambia hizi za kwetu hazina neno. Akakaa. Hakuna aliyekuwa na la kujibu.

Ikaamuliwa matenga yote saba yafukiwe. Mjomba asiuze na kikundi kwa misimu miwili. Wateja wote waambiwe. Na deni lake lisogezwe mpaka binti amalize mwaka wa kwanza, bila riba. Hilo la mwisho ndilo ninalojivunia kuliko yote, kwa sababu kama tungemwadhibu na kumwacha na deni lile lile, tungekuwa tumemrudisha kwenye chupa kwa mikono yetu.

Ikabaki kuandika. Sheria yetu haisemi "mwanachama mmoja". Inasema jina, kosa, tarehe, uamuzi. Mjomba alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwangu, kofia yake ya kuswalia ameishika magotini. Nikauliza kama naweza kuandika namba ya uanachama badala ya jina. Bibi alikuwa kimya kikao kizima. Akaniita, "Mjukuu wangu." Akasema baba yake aliwahi kuandikwa na karani wa mkoloni, siku aliyokuwa na homa akashindwa kwenda kuchimba, na yule karani alikosea hata jina lake. "Hakumjua. Wewe mjomba wako unamjua. Mwandike vizuri."

Nikaandika majina yake matatu yote. Mwandiko wa ukurasa ule umeinama, herufi zinakimbilia chini ya mstari, na juzi nilipoutazama nilikumbuka jinsi kalamu ilivyokuwa inateleza kwa jasho.

Kijana wa bodaboda aliwatumia wateja ujumbe mmoja mmoja kwa simu yake. Tulikuwa na wateja wa nyumbani 31. Sita waliacha. Mgahawa mmoja uliokuwa unachukua nyanya kila wiki uliacha na haujarudi mpaka leo. Kulikuwa na wiki tatu ngumu ambazo mboga zilirudi mlimani, na kurudi na mboga mlimani ni kazi inayouma kuliko kushuka nazo. Mama mmoja wa mjini alijibu kwa maneno machache sana: asanteni kwa kuniambia, karoti zangu zije kama kawaida. Kijana aliutunza ujumbe ule kwenye simu, nami nikaunakili.

Mjomba hakusema na mimi kwa miezi saba. Kwetu mjomba kumnunia mpwa wake ni jambo zito. Hata kwenye msiba wa ndugu yetu alipita mbele yangu, nikaamkia, akaitikia kwa koo bila kufungua mdomo. Usiku nilikuwa najiuliza kama siku moja atakuja na fimbo ile ile kuniambia kuanzia kwenye mfenesi mpaka kwenye jiwe si pangu tena. Hakufanya hivyo. Nilipokuwa mgonjwa wa malaria wiki moja, nilikuta mtu amepalilia mistari yangu ya njegere, na kwa jinsi magugu yalivyolazwa mizizi juu, kwa safu, nilijua ni mkono wa nani.

Masika ya 2021, Alhamisi, tulikuwa tunageuza mboji. Mjomba akatokea kwenye njia ya juu na mzigo wa alizeti pori kichwani, mbichi, bado una umande. Akautua. Akatuamkia wote kwa pamoja, akaenda kwa mama wa mboji akamwomba kijiti. Mama wa mboji hajawahi kumpa mtu kijiti kile kabla hajaombwa mara mbili. Siku hiyo alimpa mara moja. Mjomba akakichomeka, akasubiri, akakichomoa, akakishika kwa kiganja, akakinusa. "Lina kiu," akasema. Mama wa mboji akakichukua, akakinusa naye, akakubali kwa kichwa. Mjomba akachukua ndoo akashuka mtoni. Alipanda na kushuka mara tano, na mtoni si karibu. Alipotua ndoo ya mwisho akanigeukia.

"Mpwa. Ndoo tano. Na hizo ziandike."

Zimo. Ukurasa wa nane baada ya ule niliokunja: maji ndoo tano, lundo la tatu, jina lake lote.

Misimu yake miwili ilikwisha, akakaguliwa, akarudi sokoni. Nyanya amepunguza, anazipanda ndani ya kitalu cha wavu alichojenga mwenyewe kwa fito, na mabaki akishavuna anayang'oa siku ile ile. Deni alilimaliza. Binti yake amehitimu. Na mwaka huu kikundi kimemchagua kuwa mmoja wa wakaguzi watatu. Anakagua kuliko yeyote niliyewahi kumwona. Anapiga magoti, ananyanyua majani ya chini, ananusa, anapekua mifereji kwa ncha ya fimbo.

Jumanne ilikuwa zamu ya shamba langu. Upande wa mashariki napakana na jirani ambaye si mwanachama na anapuliza kabichi zake, ndiyo maana pale tulipanda ukuta wa majani ya guatemala, hatua tatu kwa upana, upepo wake usinifikie. Mjomba aliutembea ukuta wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Karibu na lile jiwe akasimama, akarudi nyuma, akatembea tena huku anahesabu kwa sauti. Majani yalikuwa yamekufa, nadhani ng'ombe walipita kiangazi nami sikupita huko muda mrefu. Bibi miguu yake haimpandishi tena mpaka shambani, lakini siku hiyo alituma fremu yake na mjukuu ili tupime kama tuta la pale limekaa sawa. Limekaa sawa. Ukuta ndio uliokuwa na pengo.

"Hatua nane hazina kitu," mjomba alisema. "Andika."

Daftari la nne, ukurasa wa kwanza wa ukaguzi, jina langu, majina matatu: mpaka wa mashariki, hatua nane wazi, mboga za mistari miwili ya karibu zisiuzwe na kikundi mpaka ukuta urudi. Nimeliandika kwa mkono wangu, yeye amesimama nyuma ya bega langu anasoma. Akanionyesha kwamba tarehe nimeisahau, nikaiweka. Jana jioni alipita kwangu akaniachia mzigo wa vipando vya guatemala, amevikata kwake. Viko mlangoni kwenye ndoo ya maji. Wingu limeshuka hadi kwenye mfenesi, na ikinyesha usiku huu, kesho alfajiri naanza kupanda.